Kwa nini mifumo endeshi mikali inapigwa chini na ile ya kawaida tu?

Flopi_Moja:

Wakuu habari zenu, na wazee wa zamani shikamooni. Kuna kitu kinanisumbua naomba msaada. Nasoma historia ya mifumo endeshi kwa ajili ya masomo na kila nikigeuka nakutana na hadithi ile ile. Kompyuta ya Amiga ya 1985 ilikuwa inaendesha programu kadhaa kwa mpigo, rangi na sauti safi kabisa, wakati PC za muda huo bado ziko kwenye DOS, skrini nyeusi, programu moja mpaka uifunge ndo ufungue nyingine. Commodore walioitengeneza Amiga wakafilisika 1994. OS/2 2.0 ya IBM ikatoka 1992 ikiwa ya biti 32, programu ikichanganyikiwa inakufa yenyewe mashine inaendelea, huku Windows 3.1 ya mwaka huo huo programu moja ikileta ujinga inaondoka na kazi yako yote. OS/2 iko wapi leo? BeOS ya kampuni ya Be ndo usiseme. NeXTSTEP nayo, Tim Berners-Lee katengeneza Web juu yake pale kituo cha utafiti cha CERN mwaka 1990, ila mashine zenyewe hazikuuzika kivile.

Jibu ninalopewa kila mahali ni kwamba Microsoft walijua kutangaza biashara. Sikatai ila naona ni jepesi mno, kwani IBM walikuwa hawajui kuuza? Sasa swali langu, ni nini hasa kinachoua mfumo mzuri, au tunadanganyana tu kwamba ilikuwa mizuri? Mwenye kujua afunguke, msiniletee picha za kuchekesha.

---

BabaKerneli:

Marahaba kijana. Umeshaanza kugusa jibu mwenyewe ulipomtaja IBM, kwa hiyo mi nitakaa kwenye OS/2 tu maana hiyo kesi ina kila kitu ndani yake.

Kwanza ujue OS/2 ilikuwa mradi wa IBM na Microsoft kwa pamoja. Ilitangazwa Aprili 1987 na mashine za PS/2, toleo la kwanza likatoka Desemba mwaka huo huo. Tatizo likaanzia hapo hapo, IBM waling'ang'ania mfumo uendeshwe na prosesa ya 286 kwa sababu wateja walioshanunua mashine za 286 walikuwa wameahidiwa. Sasa 286 ina ulemavu mmoja, ukishaiingiza kwenye ile hali ya kulinda memori haiwezi kukuendeshea programu nyingi za DOS bega kwa bega, hilo lilikuja kuwezekana kwenye prosesa iliyofuata, 386. Matokeo yake OS/2 ya mwanzo ilikuruhusu programu moja tu ya DOS, inajaza skrini nzima, na ukihamia kwenye dirisha lingine inasimama pale pale ilipofika mpaka urudi. Na dunia nzima ilikuwa kwenye DOS wakati huo! Mtu ana lahajedwali yake, ana programu ya mahesabu ya ofisi, barua zake zote za DOS, unamwambia njoo kwenye mfumo wa kisasa ila vitu vyako vyote vipange foleni. Hatoki mtu hapo.

Mei 1990 ikaja Windows 3.0. Kiufundi ilikuwa ni koti tu lililovalishwa juu ya DOS, lakini iliingia kwenye mashine ambayo mtu tayari anayo, na programu zake za DOS zikaendelea kufanya kazi. OS/2 2.0 ilipokuja miaka miwili baadaye ilitaka memori ya MB 4 kima cha chini, na ukitaka usiteseke weka 8, na memori enzi hizo bei yake ilikuwa inaumiza kweli.

Alafu sasa njoo kwenye penyewe. OS/2 2.0 ilikuwa inaendesha programu za DOS na za Windows 3 vizuri sana, IBM wakajinadi kwamba ni DOS bora kuliko DOS na Windows bora kuliko Windows. Ukisikia unaona wameua. Lakini jiweke kwenye kiti cha mtu anayetengeneza programu, una timu moja na pesa za mradi mmoja. Ukiandika kwa ajili ya Windows unamuuzia mtu wa Windows na mtu wa OS/2 pia, maana kwake itafanya kazi tu. Ukiandika kwa ajili ya OS/2 unamuuzia mtu wa OS/2 peke yake. Hapo utaandika ya nini? Yaani ule uwezo wa kuendesha programu za mpinzani, kitu ambacho kiufundi ni kazi ya heshima, ndo ulioifanya OS/2 isipate programu zake yenyewe, na mfumo usio na programu zake wenyewe hauna sababu ya kununuliwa na mtu ambaye Windows alishapewa ndani ya mashine.

Ilipofika 1995 Microsoft wakahamishia watu kwenye Windows 95 na programu mpya za biti 32, OS/2 haikuweza kuzifungua. Kwa hiyo kila mpinzani akisogeza goli IBM inabidi wakimbie upya.

Hili wala si maoni yangu. Kwenye ile kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Microsoft iliyofunguliwa 1998, jaji Thomas Penfield Jackson aliandika kwenye matokeo yake ya Novemba 1999 kwamba OS/2 ilipofika kileleni ilikuwa na programu kama 2,500 na asilimia 10 ya soko, wakati Windows kipindi cha kesi ilikuwa na zaidi ya 70,000. Akakiita hicho kizuizi cha programu. Watu hawaji kwa sababu programu hazipo, na watengenezaji hawatengenezi kwa sababu watu hawapo. Asilimia 10 ya soko si kitu kidogo bana, na bado haikutosha kuuvunja huo mzunguko.

Na walioamini kwamba kizuri kitashinda waliumia vibaya. Lotus na WordPerfect waliweka nguvu kwenye OS/2 kwa sababu kila mtu mwenye akili alikuwa anasema ndo kesho, IBM na Microsoft wote walisema hivyo. Windows 3.0 ilipolipuka, WordPerfect ya Windows haikuwepo mpaka mwisho wa 1991, Excel na Word za Microsoft zilishakaa mezani zinakula.

---

Mbishi_Asiyelala:

Baba nakubaliana na wewe kwenye programu ila naomba nikubishie hapo kwenye "mfumo mzuri", maana watu wa OS/2 mna ugonjwa wa kusahau.

Unaikumbuka ile foleni moja ya kipanya na kibodi? Nimuelezee kijana. Kila ulichobofya au kuandika kilikuwa kinapita kwenye foleni moja kwa programu zote, programu iliyo mbele ikikataa kuchukua ujumbe wake basi wa nyuma wote wanasubiri. Kwa hiyo unakaa pale, mshale wa kipanya unatembea vizuri tu kwenye skrini, unabofya dirisha hili kimya, unabofya lile kimya, unabonyeza kibodi kimya. Ukimuuliza mhandisi atakwambia mfumo haujaganda, kerneli (kiini cha mfumo) iko hai, faili linaendelea kushuka kutoka kwenye modemu, diski inazunguka. Sawa kaka. Ila aliyekaa kwenye kiti anaona kompyuta imestaki, anazima na swichi. Hiyo ndo "imara kuliko Windows" iliyokuwa inasemwa. IBM walikuja kuitafutia dawa lakini wakati huo watu wameshaondoka.

Amiga nayo ilikuwa haina kabisa ulinzi wa memori, programu moja ikiandika pasipo pake mashine nzima inaenda, unaletewa lile boksi jekundu linalowakawaka. Na BeOS nzuri kwa maonyesho, ilikuwa inatoa mchemraba unazunguka na video tofauti inacheza kila upande, watu wanapiga makofi. Sasa jaribu kuprinti. Brauza yake waliyoiweka ndani haikuwa na JavaScript. Kadi yako ya video isipokuwa kwenye orodha yao unakaa na rangi ya kijivu. Mfumo mzima mtumiaji ni mmoja tu mwenye mamlaka ya kila kitu.

Mnachoita bora ni bora kwenye kile kipande ambacho wahandisi wanakipenda. Printa nayo ni sehemu ya mfumo, draiva, yaani programu inayoufanya mfumo uongee na kifaa, ni sehemu ya mfumo. Ukihesabu vyote hivyo Windows haikuwa mbovu kama mnavyoisimulia, ilikuwa mbovu sehemu ambazo mtu wa kawaida anazivumilia na iko sawa sehemu ambazo hawezi kuvumilia.

---

Leseni_Mkononi:

Mnaongea kama vile watumiaji ndo walichagua. Nani alichagua? Mtu anaenda kununua kompyuta, anaiwasha, inakuja na kilichomo. Wateja wa kweli wa mfumo endeshi walikuwa ni kampuni zinazounda PC, na hao hawakuwa wengi, ukiwafunga hao umemaliza kazi.

Kabla ya 1994 Microsoft walikuwa na aina ya mkataba unaotoza kwa kila prosesa. Maana yake wewe muundaji wa PC unalipia DOS kwa kila mashine inayotoka kiwandani kwako, iwe umeweka DOS ndani au hukuweka. Sasa anakuja mtu wa DR-DOS, DOS ya kampuni nyingine, anakwambia yangu ni nzuri zaidi na bei ndogo. Hata akikupa bure bado Microsoft umeshamlipa, kwa hiyo ya bure inakuwa ni gharama ya ziada ya kuhangaika nayo tu! Hiyo mikataba ilikuja kukatazwa kwenye makubaliano na serikali ya Marekani Julai 1994, wakati huo DR-DOS iko hoi.

Na kwenye DR-DOS kulikuwa na kingine kibaya zaidi. Windows 3.1 ikiwa bado ya majaribio waliweka msimbo uliofichwa kwa makusudi usisomeke kirahisi, kazi yake ni kuchungulia kama chini kuna MS-DOS halisi au ya mtu mwingine. Ikikuta ya mwingine inatoa ujumbe wa hitilafu. Hakuna kilichoharibika kiukweli, ukiendelea inaendelea, ila wewe unayejaribu unaanza kuogopa DR-DOS. Kwenye toleo la mwisho msimbo ulibaki humo umezimwa. Caldera walioinunua DR-DOS walishtaki 1996, wakamalizana nje ya mahakama Januari 2000.

BeOS sasa. Mwaka 1999 Jean-Louis Gassée, mwanzilishi wa kampuni ya Be, alitangaza kwamba kampuni yoyote itakayouza PC yenye BeOS inayoonekana mtumiaji akiwasha, atapewa bure. Bure kabisa! Hakupata mtu. Hitachi walithubutu kidogo, wakaweka BeOS kwenye diski ya baadhi ya mashine zao pembeni ya Windows, lakini ile menyu ya kuchagua mfumo wakati wa kuwasha haikuwepo, maana mkataba wa Windows ulikuwa hauruhusu kugusa hatua za kuwaka. Kwa hiyo BeOS imo ndani ya mashine imelala, mnunuaji afuate mwenyewe hatua za kuifufua. Nani atafanya hivyo? Be wakauzwa kwa Palm 2001 kwa dola milioni 11, wakashtaki 2002, na 2003 Microsoft wakalipa dola milioni 23.25 bila kukiri kosa. Yaani kesi ilileta pesa kuliko mfumo wenyewe ulivyouzwa, sijui ucheke au ulie.

Na IBM huyo mnayemsema, kumbuka IBM hiyo hiyo ilikuwa inauza PC na inazihitaji ziwe na Windows. Jaji ameandika, leseni ya Windows 95 kwa IBM ilisainiwa dakika 15 kabla ya uzinduzi wa tarehe 24 Agosti 1995, baada ya kuzungushwa wee, na sehemu ya ugomvi ilikuwa ni bidhaa zao zinazoshindana na za Microsoft. Upande mmoja wa IBM unauza OS/2, upande mwingine umeshikwa pabaya na yule yule wa kushindana naye. Compaq naye aende kununua mfumo kwa IBM ambaye ni hasimu wake wa kuuza mashine? Thubutu.

---

Flopi_Moja:

Aisee asanteni sana. Ila @Leseni_Mkononi naomba niulize, kama ilikuwa ni ubabe wa mikataba tu basi mwenye ubabe na pesa angeshinda kila mahali. Mbona Microsoft hao hao kwenye simu waliangukia pua? Windows Phone watu walioishika wanasema ilikuwa laini kuliko Android ya wakati ule.

---

Dada_Kompaila:

Hapa niachieni mimi maana nilikuwa natengeneza apu kipindi hicho.

Ndiyo, Windows Phone ilikuwa nzuri. Ilitoka 2010, na kwenye simu ya bei ya chini kabisa ilikuwa inateleza wakati Android ya bei hiyo hiyo ukigusa unasubiri. Zana za kutengenezea apu ziliwashinda iPhone na Android wote wawili, nasema hivi na siipendi Microsoft hata kidogo. Februari 2011 Nokia wakajiunga nao. Kila kitu kilikuwepo, pesa, jina, viwanda, mfumo mzuri.

Lakini kikao cha kazini kilikuwa hivi kila mara: mteja anataka apu, anauliza bei ya iPhone na Android, unamwambia na Windows Phone tunaweza, anauliza watumiaji wangu wangapi wako huko, unamwonyesha, anasema basi tutaiweka awamu ya pili. Awamu ya pili haijawahi kufika. Hakuna aliyeichukia wala aliyefungwa na mkataba, ni hesabu tu, na kila kampuni ilikuwa inapiga hesabu ile ile na kufika kwenye jibu lile lile. Kwa hiyo kile anachosema Baba kuhusu OS/2 ndo hicho hicho, safari hii aliyekaa upande wa kuumia ni Microsoft.

Walijaribu kununua njia. 2013 walikuwa na ofa ya dola 100 kwa kila apu mpya unayoweka dukani kwao. Walichopata ni matochi na kikokotoo, kwa sababu anayefanya kazi kwa dola 100 hakuletei apu ya benki. YouTube ndo ikawa kichekesho, Google hawakutaka kutengeneza, Microsoft wakatengeneza yao wenyewe, Google wakaifungia mwaka huo huo wa 2013. Na wao wenyewe Microsoft wakajimaliza, 2012 walitangaza kwamba simu zote za toleo la 7 hazitapanda kwenda toleo la 8. Mtu kanunua simu juzi tu unamwambia imeshazeeka. Wachache waliokuamini ndo hao unaanza nao! Ikaishia Julai 2015 walipofuta dola bilioni 7.6 kwenye vitabu vyao kwa ajili ya ile biashara ya simu ya Nokia waliyoinunua.

BlackBerry nao 2013 walikuja na BlackBerry 10, mfumo mpya kabisa juu ya QNX, kerneli ambayo inaaminiwa mpaka kwenye magari na mitambo. Kwa vile hawana apu wakaweka uwezo wa kuendesha apu za Android. Umeshaona inakoenda? Nani ataandika apu ya BlackBerry wakati ya Android inafunguka. OS/2 tupu, miaka ishirini baadaye.

Ila webOS ya Palm ndo iliniuma mimi binafsi. 2009, apu zinakaa kama kadi unazipitisha kwa kidole, ukimaliza na moja unairusha juu inapotea. Leo kila simu inafanya hivyo. HP waliwanunua Palm 2010 kwa dola bilioni 1.2, wakatoa tableti Julai 2011, Agosti wakaiua, haikumaliza hata miezi miwili. Sasa hivi webOS iko kwenye televisheni za LG na huko inaishi vizuri tu, kwa sababu televisheni haikuwa na mwenyewe.

---

Mbishi_Asiyelala:

@Dada_Kompaila ila iPhone 2007 ilitoka bila duka la apu hata moja na ikashinda, mbona kizuizi cha programu hakikumzuia?

---

Dada_Kompaila:

Kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumzuia. Simu za Symbian, mfumo wa Nokia wa enzi hizo, zilikuwepo nyingi ila watu hawakuwa wamejaza maisha yao kwenye apu za Symbian, mtu alikuwa anapiga simu, meseji, na kamera. Ukihama unapoteza nini? Majina kwenye kitabu cha simu. Duka lilikuja 2008, na kuanzia hapo ndo kuhama kukaanza kuuma. Dirisha lilikuwa wazi miaka michache tu, Microsoft na BlackBerry walifika limeshafungwa.

---

Plan9_Haijafa:

Naona mmekaa na Microsoft sana, nami niwape mfano ambao hauna mbabe wala mkataba.

Plan 9 ilitengenezwa kwenye maabara za Bell Labs na watu walewale wa Unix, ule mfumo mkongwe, Ken Thompson, Rob Pike na wenzao, walikaa chini wakasema tumeona makosa yetu tuanze upya. Kwenye Unix wanasema kila kitu ni faili halafu mtandao ukaja ukawa si faili, madirisha nayo si faili. Kwenye Plan 9 ni kweli kila kitu ni faili. Unataka kutumia kadi ya mtandao ya mashine nyingine? Unaunganisha folda yake kwako, unaitumia kama yako, hakuna programu maalum. Kila programu inaweza kupewa mti wake wa mafaili tofauti na jirani yake. Ukiangalia makontena ya leo (njia ya kuitenga programu na nyingine ndani ya mashine moja) yanavyohangaika kupata kitu hicho hicho kwa viraka juu ya viraka utacheka.

Ikapigwa na nani? Na Unix. Unix mbovu ya mzee huyo huyo, kwa sababu ilikuwepo, na ilikuwa inatosha. Halafu kilichofuata ndo kinachomaliza kabisa mfumo mzuri: mkubwa anachukua vipande. UTF-8, namna ya kuhifadhi herufi aliyoandika nayo kila mtu humu, ilibuniwa na Thompson na Pike Septemba 1992 kwa ajili ya Plan 9. Ile folda ya /proc kwenye Linux ina damu ya huko. Hata Windows leo ukitumia Linux ndani yake, mafaili yanavuka upande wa pili kwa itifaki ya 9P iliyotoka Plan 9. Ukishachukua vipande vitano vitamu, aliyebaki na mfumo mzima hana tena cha kumshawishi mtu ahame, ingawa uzuri wenyewe ulikuwa kwenye namna vipande vilivyokaa pamoja.

Linux yenyewe sasa. Januari 1992 profesa Andrew Tanenbaum alimwambia Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, kwamba Linux imepitwa na wakati, kerneli ya donge moja, kila kitu ndani ya programu moja kubwa, ni kurudi miaka ya 1970. Kiusanifu alikuwa na hoja. Lakini mfumo wake mwenyewe, MINIX, wakati huo ilikuwa ya kufundishia, huruhusiwi kuibadilisha na kuigawa utakavyo, na mwenyewe hakutaka ikue. BSD, ile Unix ya Chuo Kikuu cha Berkeley, ilikuwa imekomaa kuliko Linux mbali tu, ila kuanzia 1992 ilikuwa mahakamani na kampuni ya Unix ya AT&T, kesi imeisha mwanzoni mwa 1994. Miaka miwili kila mwenye kampuni anaogopa kuigusa. Linux iliokota watu wote hao barabarani. Mtu anapata kadi ya mtandao haifanyi kazi, anaandika draiva, anaituma, wiki ijayo imo. Draiva zikiwa nyingi watu wanazidi, watu wakizidi draiva zinaongezeka. Ikafika Novemba 2017 kompyuta zote 500 kwenye TOP500, orodha ya kompyuta zenye nguvu zaidi duniani, ni Linux. Zote. Na si kwa sababu usanifu wake ndo wa juu.

Kwenye seva ilishinda kwa sababu huko hakuna anayeuliza Word iko wapi, na mtu mwenye mashine elfu kadhaa leseni ya bure ni pesa inayoonekana. Kwenye meza ya ofisini swali la kwanza ni hilo la Word.

---

Leseni_Mkononi:

Na hata mezani kuna siku ilikaribia. Zile laptopu ndogo za Eee PC za 2007 zilianza na Linux, Windows Vista ilikuwa nzito haiingii. Microsoft wakafanya nini, wakairudisha Windows XP ya zamani ambayo walishapanga kuizika, kwa ajili ya vimashine hivyo. Linux ikapotea humo.

---

Buti_Upya:

Nimesoma yote na namuuliza BabaKerneli. Ulisema kuendesha programu za mpinzani ni kujimaliza. Vipi Steam Deck, ile mashine ya michezo ya kushika mkononi? Valve, wenye duka la michezo la Steam, walitoa Proton (programu ya kuendesha michezo ya Windows kwenye Linux) 2018, 2022 wakatoa mashine, ndani Linux, michezo karibu yote ni ya Windows, na watu wanazinunua. Hiyo si OS/2 ileile iliyofanikiwa?

---

BabaKerneli:

Swali zuri na nimelifikiria sana hili. Tofauti ya kwanza, Valve hauzi mfumo. IBM alitaka ulipie OS/2 halafu anakupa kile kile ulichonacho. Valve anauza michezo, wewe ukinunua mchezo wa Windows ukaucheza kwenye Linux yake pesa inaingia mfukoni mwake vilevile, hana haja ya mtengenezaji aandike chochote cha Linux. Na mashine kaiunda mwenyewe kwa hiyo hakuna wa kumkataza nini kiwake kwanza, hapo kamruka huyo Leseni na mikataba yake yote.

Lakini ule mtego upo pale pale usifikiri umeondoka. Waulize waliokuwa wanatoa matoleo ya Linux kabisa, wengi wameacha, wanakwambia tumia Proton. Tafsiri yake ni kwamba njia rasmi ya kuandika mchezo wa Linux sasa ni kuandika mchezo wa Windows. Na ile michezo yenye programu za kuzuia wadanganyifu, kama Fortnite, mwenye mchezo akisema sitaki basi huchezi, huna la kumfanya.

---

Mbishi_Asiyelala:

Kwa hiyo Linux ya mezani imeshinda kwa kuwa Windows. Haya.

---

Flopi_Moja:

Nashukuruni sana, nimepata zaidi ya nilichouliza. Nimeona Haiku, ile iliyoandikwa upya kutoka kwenye mawazo ya BeOS, beta yake ya kwanza ilitoka 2018 na bado inaendelea. Nina laptopu ya zamani imekaa tu, wikiendi hii naipakia nione huo mchemraba wa video.

---

Mbishi_Asiyelala:

Weka. Ila angalia kwanza kadi ya waifai kama ina draiva.